Roho Thelathini

Ndugu msomaji, kama uliwahi kushika pedi ya gemu ya kaseti, maneno haya utayaimba pamoja nami: juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A. Kama hukuwahi, usitie shaka, nitakueleza. Wala habari hii si ya gemu peke yake. Ni habari ya braza wangu, ambaye nilimuua mara nyingi tukiwa watoto, kisha nikamuua tena mwaka 2024 kwa kalamu ya wino, naye akanijia na daftari mkononi kutaka maelezo.

Gemu lenyewe ni Contra. Lilitengenezwa na kampuni ya Konami ya Japani. Mwaka 1987 lilitoka kwenye zile mashine kubwa za kutumbukiza sarafu, na mwaka 1988 likaingia kwenye mashine ya nyumbani ya Nintendo. Wakati huo mimi bado sijazaliwa. Mimi ni wa 1997, na Contra ilinikuta Temeke mwaka 2006, nikiwa darasa la tatu, ndani ya kibanda cha mabati nyuma ya mahali palipouzwa mkaa. Mwenye kibanda tulimwita Mjomba, ingawa hakuwa mjomba wa mtu yeyote pale. Alikuwa na TV mbili. Moja ilikuwa ya pleistesheni, ya mpira, na hiyo ilikuwa ya wakubwa, waliocheza kwa mia mia na kutukanana mpaka usiku. Ya pili, ndogo, yenye mstari wa kijani upande mmoja wa kioo, ilikuwa yetu sisi wadogo. Chini yake palikuwa na mashine ya Kichina iliyoiga ile ya Nintendo, na kaseti ya njano. Kaseti ikigoma, unaichomoa, unaipuliza kama mtu anayewasha jiko, unairudisha.

Bei ilikuwa hamsini mpaka ufe. Na kufa kulikuwa rahisi, maana Contra haina masihara: risasi moja tu, umekwenda. Unapewa roho tatu. Ukigusana na adui, roho imetoka. Ukitumbukia shimoni, imetoka. Ukisimama kujiuliza, imetoka. Mashine yenyewe ilikuwa inakupa nafasi ya kuendelea, lakini Mjomba hakuitambua. Roho zikikuisha ananyoosha mkono apewe hamsini nyingine.

Wachezaji ni wawili, vifua wazi, mmoja suruali ya bluu na mwingine nyekundu. Wanakimbia, wanaruka, wanafyatua. Silaha zinakuja zikielea angani, kila moja na herufi yake. Ukiokota yenye herufi S, risasi zinatawanyika kama mtama unaomwagiwa kuku, na wewe ni mfalme. Ukifa S imepotea, umerudi kwenye bunduki yako ya kimaskini. Yenye herufi F tuliiita Fimbo, kwa sababu risasi yake ilizungukazunguka njiani badala ya kwenda moja kwa moja. Aliyeiokota kwa bahati mbaya alichekwa kibanda kizima. Ugomvi wangu wa kwanza na braza nje ya nyumba yetu ulikuwa wa S. Aliiona yeye, nikairukia mimi.

Kiingereza tulikuwa hatukijui, kwa hiyo majina ya wale wawili tuliyatunga wenyewe. Wa bluu alikuwa Komando, wa nyekundu Rambo. Miaka mingi baadaye niligundua hatukuwa tumekosea sana. Picha ya jalada la gemu ilichorwa na Mwingereza aitwaye Bob Wakelin akitazama picha za Schwarzenegger wa filamu ya Predator. Majina yao rasmi ni Bill Rizer na Lance Bean, lakini mimi hayo hayakai mdomoni. Kwangu ni Komando na Rambo mpaka kesho.

Mwaka 2006, wanaoukumbuka wanajua, ulikuwa wa ukame na mgawo wa umeme. Unaweza kuwa katikati ya raundi, umeshika S yako, mara giza. Hamsini imeliwa. Mjomba anasema, "Si mimi jamani, kaulizeni wenyewe." Basi watoto wanatawanyika makwao huku wananung'unika. Jioni moja, giza limeshaingia, mtoto mmoja akauliza tu, wala hakuwa anamwuliza mtu: "Sasa hawa walikuwa wanakwenda wapi?"

Nikajibu mimi. Sijui maneno yalitoka wapi. Nikasema Komando na Rambo ni ndugu wa tumbo moja. Baba yao alikuwa fundi wa mabomba, akatekwa na majitu ili awachimbie kisima, maana huko kwa majitu nako maji yalikuwa yamekatika. Watoto wakakaa. Nikaendelea. Nikaweka mamba, nikaweka mlinzi wa kisima mwenye jicho moja, nikaweka mama anayesubiri nyumbani na ndoo tupu. Braza, ambaye ni mkubwa wangu kwa miaka mitatu, alikuwa ameegemea mlango. Akasema, "Dogo muongo huyu. Lakini mwacheni amalize."

Tangu siku hiyo umeme ukikatika watoto hawakuondoka. Mjomba naye akafurahi, kwa sababu umeme ukirudi anawakuta wateja papo hapo. Wenzangu wa kwenye kikundi chetu cha waandishi wakiniuliza nilianza lini kuandika, huwa nasita kujibu. Ninyi wengine mlianzia maktaba. Mimi nilianzia gizani, nikisimulia gemu ambalo sikulielewa.

Sasa zile juu juu, chini chini. Kulikuja kijana wa likizo kutoka Muscat, binamu wa mtoto mmoja wa mtaani kwetu, akakaa wiki tatu. Siku ya kwanza akatuangalia tunavyokufa, akacheka, akachukua pedi. Kabla gemu halijaanza akabonyeza vitu haraka haraka kama anayepiga kinanda. Badala ya roho tatu akapata roho thelathini. Loo! Tulimtazama kama mganga. Braza alimnunulia miwa ya shilingi mia, ndipo akakubali kutufundisha, nasi tukaigeuza kuwa wimbo ili tusisahau.

Siri hiyo nayo ina kisa chake. Katikati ya miaka ya 1980, mtengenezaji mmoja wa Konami aitwaye Kazuhisa Hashimoto alikuwa akilihamishia gemu jingine, Gradius, kwenye mashine ya nyumbani. Katika kulijaribu akaona linamshinda. Fundi ameshindwa na kazi ya mikono yake! Basi akajiwekea mlango wa siri wa kumpa nguvu zote ili afike mwisho. Gemu likatoka mwaka 1986, mlango ukiwa humo humo. Contra ikaurithi, na magemu mengine mengi baadaye. Hashimoto alifariki mwaka 2020. Nilipozisoma habari zake niliwaza: mtu huyu aliona aibu kidogo mbele ya kazi yake mwenyewe, na aibu hiyo ikawalisha watoto wa dunia nzima, mpaka wa Temeke.

Mjomba aligundua siku ya tatu. Hamsini moja, watoto wawili, wamekaa saa nzima hawafi. Alichungulia kioo, akaona kila tukifa tunarudi tena. Hakugomba. Kesho yake tulikuta ubao mlangoni: HAMSINI DAKIKA KUMI. Hapo ndipo kifo kilipoacha kuwa na bei, bei ikahamia kwenye saa ya ukutani.

Lakini hata na roho thelathini, raundi ya tatu ilitutesa. Raundi ya kwanza ni msitu, unakimbia kwenda kulia. Ya pili ni ngome, unaingia ndani kwa ndani. Ya tatu ni maporomoko ya maji. Humo hukimbii, unapanda. Unaruka kutoka jiwe hadi jiwe, maji yanamwagika nyuma yako, mawe makubwa yanabingirika kutoka juu. Na raundi hii ina sheria moja mbaya: kioo kinamfuata aliye juu. Mwenzio akiruka juu sana, sehemu ya chini inamezwa, na kama wewe bado uko huko chini, umekufa. Hakuna adui aliyekupiga. Aliyekuua ni mwenzio, na kosa lake ni kupanda tu.

Mimi nilikuwa na haraka. Braza alikuwa mpigaji mzuri kuliko mimi, lakini hakupenda kuacha adui nyuma. Lazima amalize wote ndipo apande. Kwa hiyo mimi naruka, yeye anamezwa. "Dogo, subiri!" "Panda basi!" "Napandaje na wewe umeondoka na jiwe langu?" Kibanda kinacheka. Nilimmeza braza wangu kwenye maporomoko yale mara nyingi kuliko maadui wote wa Contra walivyompiga. Mwishowe akatunga utaratibu: tusimame jiwe moja, tuhesabu moja, mbili, tatu, turuke pamoja. Tulipojifunza hivyo tukawa tunapita.

Mara moja tu tulifika raundi ya nane, ya mwisho. Humo ndani ya tumbo la lidude kuna moyo mkubwa unaodunda, nao ndio unaotakiwa kuupiga. Tulikuwa tunaupiga. Braza alikuwa na S. Umeme ukakatika. Mwisho wa Contra hatukuuona.

Mwaka 2010 kiwanda alichokuwa akifanya kazi baba kilipunguza watu, na baba akawa mmoja wao. Braza alikuwa kidato cha tatu. Mimi nilikuwa namaliza la saba. Ada ya shule ya serikali ya kutwa ilikuwa elfu ishirini kwa mwaka. Ukiisikia leo utaona ndogo, lakini nyuma yake ilikuja foleni ya michango: dawati, mlinzi, mitihani, sare, madaftari. Ada ilifutwa mwaka 2016, sisi msafara wetu ulikuwa umeshapita. Nikafaulu. Jioni matokeo yalipojulikana, mama alipika wali, lakini hakuna aliyeongea. Baba alikuwa anahesabu kichwani, tunamwona. Braza akanawa mikono, akasema, "Dogo aende. Mimi nitatafuta." Basi. Baba hakusema ndiyo wala hapana. Januari 2011 nilikwenda shule na begi la braza, na shati lake limepunguzwa mikono. Yeye akaenda gereji ya pikipiki Tandika, mwaka wa kwanza bila mshahara, analipwa chakula cha mchana.

Utasema labda kilichofuata ni kijana kuwa daktari na kuirudishia familia. Hapana bwana. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2014. Mwanzoni mwa 2015 matokeo yakatoka, jina langu lipo, ila mahali ambapo hakuna shule inayokuja kukuita. Nilikaa nje ya nyumba mpaka saa nne usiku. Braza akarudi kutoka kazini, mikono ina grisi, ameshasikia. Akaniambia, "Pole, dogo. Umekula?" Hakuniambia neno jingine, na hakuwahi kulirudia suala hilo. Angenitukana ningepona mapema.

Nikapata kazi duka la fotokopi, na kazi hiyo ndiyo ninayo hadi leo. Nawachapia watu barua za kuomba kazi, mikataba ya kupanga vyumba, mialiko ya harusi. Usiku naandika riwaya. Na nilipoanza riwaya, nilijua itamhusu nani. Ndugu wawili, mdogo anasoma, mkubwa anaacha shule. Mkubwa analia peke yake kwenye mwanga wa kibatari usiku ule anaoacha. Sura ya tatu lori linamgonga akiwa anajaribu pikipiki ya mteja, anakufa akimtaja mdogo wake. Niliandika sura hiyo huku machozi yananidondoka kwenye karatasi. Nikaisoma kwenye kikundi chetu, watu wakanyamaza, dada mmoja akafuta macho. Nikaona, naam, sasa nimekuwa mwandishi.

Daftari nililisahau nyumbani kwa mama.

Siku ya tatu braza akaingia dukani, amevaa ovaroli. Wateja wakasogea asiwaguse na mafuta. Akaliweka daftari juu ya mashine ya fotokopi.

"Dogo. Huyu ni mimi?"

"Hii ni riwaya, braza. Ni mtu wa kubuni."

"Wa kubuni ana kovu langu la eksozi mguuni?"

Nikakosa jibu.

"Mbona umeniua?"

Nilimtoa nje, tukakaa kwenye benchi la mama muuza chai. Ndipo nikamweleza kile ambacho sikuwahi kumweleza mtu. Kwamba tangu 2011 nasikia kama niko kwenye maporomoko ya raundi ya tatu. Nilipanda, kioo kikapanda nami, yeye akamezwa. Na huko juu nilikopanda sikukuta kitu. Kwa hiyo nimemwua bure. Riwaya ilikuwa namna yangu ya kumwomba radhi.

Alikunywa chai yake taratibu. Kisha akaanza kulisahihisha daftari, kama mwalimu.

"Kwanza, hakuna fundi anayefungua plagi injini imechemka halafu anaifuta kwa kidole. Huyo ameungua. Ukurasa huo fundi yeyote akiusoma atakucheka. Pili, ile usiku sikulia. Nani kakwambia nililia? Nililala kama mfalme. Hesabu zilikuwa zinaniua, kila Jumatatu nachapwa. Nilikuwa natafuta mlango, wewe ukanipa sababu. Umeniandika kama mbuzi wa sadaka. Mimi nina gereji, nina vijana wawili nawafundisha, nina mke. Umeona wapi marehemu mwenye mke anayemsubiri na ugali?"

Nikacheka, lakini yeye hakucheka.

"Tatu. Kilichoniuma hukukiandika. Ulipoingia fomu wani uliacha kunihadithia. Nilikuwa narudi gereji nimechoka, nasema leo dogo atanieleza habari za huko. Wewe unaniambia 'gudi moningi, braza', unafungua kitabu. Ukapata marafiki wa kuwahadithia. Mimi nikawa mtu wa kuletea begi. Hapo ndipo uliponiacha kwenye jiwe, siyo kwenye ada."

Ndugu zangu waandishi, nimesoma ushauri mwingi wa namna ya kuandika, lakini hakuna mahali nilipoambiwa kwamba mtu anaweza kulia juu ya kosa ambalo hakulitenda, ili asilitazame lile alilolitenda. Miaka kumi na tatu nilijitesa kwa habari ya shule. Ilikuwa inanipendeza, kwa sababu ndani yake mimi ni mtu muhimu: niliyesomeshwa kwa damu ya ndugu. Kumbe habari ya kweli ni ndogo na haina lori. Mtoto mmoja alijiona amekuwa mtu wa Kiingereza, akaacha kuongea na ndugu yake.

Braza akamaliza chai, akauliza kama vile tulikuwa tunaongelea hilo tangu mwanzo: "Hivi lile gemu, baadaye ikawaje? Walitengeneza jingine?"

Basi nikamhadithia. Pale pale kwenye benchi, mteja wangu wa fotokopi ananisubiri. Nikamwambia kwanza kwamba hata kisa cha lile la kwanza hakijakaa sawasawa. Kwa Wajapani mambo yanatokea mwaka 2633, katika visiwa vya Galuga karibu na New Zealand. Wamarekani walipolipokea, kijitabu chao kikalihamishia msitu wa Amazon, na kikasema ni siku hizi hizi. Kule Ulaya wakawaondoa kabisa Komando na Rambo, wakaweka maroboti na kuliita Probotector. Inasemekana walihofia sheria za Ujerumani za kuwalinda watoto. Na jina Contra lenyewe lilikuwa kwenye magazeti ya wakati ule: waasi wa Nikaragua waliosaidiwa na serikali ya Reagan.

"Kwa hiyo kila mtu alijitungia," braza akasema.

"Kila mtu."

"Basi hata kile kisima chako kilikuwa halali."

Nikaendelea. Mwaka 1992 likaja la tatu, majitu yamevamia mji, na kuna mahali mnaning'inia kwenye makombora yanayoruka angani, mnaruka kutoka moja hadi jingine. Braza akatikisa kichwa: "Hapo ungeniua." Mwaka 1994 likaja moja ambalo unachagua njia mwenyewe na mwisho uko wa namna nyingi, na mchezaji mmoja ni mbwa mwitu mwenye miwani ya jua. Mwaka 1996 na 1998 yakatengenezwa mawili ya pleistesheni nje ya Japani, mashabiki wengi hawakuyapenda. Halafu nikafika 2002, nikasita kidogo. Katika lile la mwaka huo, Komando yuko jela. Ameambiwa yeye ndiye aliyesababisha maangamizi yaliyoua asilimia 80 ya watu wote duniani, tena amemwua Rambo. Amefungwa miaka elfu kumi, amegandishwa kwenye barafu. Wanamtoa akapigane na adui mpya, na anapofika kwa kiongozi wa adui, anamkuta ni Rambo. Hakufa. Na yale maangamizi hakuyafanya Komando. Alisingiziwa na wakubwa.

Braza alinyamaza muda mrefu.

"Alihukumiwa kumwua mtu ambaye hajafa."

"Ndiyo."

"Na mwenyewe akakubali kukaa kwenye barafu." Akanitazama. "Dogo, wewe ulijigandisha bila hata kuhukumiwa."

Nilimalizia haraka. Mwaka 2007 likaja la kuwakumbusha watu ugumu wa zamani. La 2019 likasemwa vibaya. Na Machi 2024 likatoka Operation Galuga, ambalo limerudi kukisimulia upya kile kisa cha kwanza, msitu ule ule, maporomoko yale yale.

"Na lile la kwanza, linaishaje?" Nikafungua mdomo, akaninyooshea kidole. "Usiseme! Tulikuwa tumebakiza kidogo. Tutalimaliza wenyewe."

Jumamosi yake nilikwenda Kariakoo, nikazunguka nusu siku, nikapata mashine ya Kichina iliyotumika na kaseti juu. Jumapili nikaipeleka kwake. Shemeji alitushangaa, wazee wazima tumekaa sakafuni na nyaya. Braza akaipuliza kaseti. Gemu likawaka. Kabla sijashika pedi, vidole vyake vilikuwa vimeshaanza vyenyewe, na midomo yake inaimba chini chini. Roho thelathini.

Raundi ya tatu tulisimama jiwe la kwanza. Akasema, "Moja, mbili," nami, wallahi sijui shetani gani, nikaruka kwenye mbili. Kioo kikapanda. Akamezwa.

"Dogo!"

Alinipiga kofi la kisogo, la nguvu, la mwaka 2006. Mwanawe wa miaka minne akacheka mpaka akaanguka. Halafu braza akarudi kwenye kioo, maana roho alikuwa nazo bado nyingi, akaniambia, "Sasa kaa hapo hapo, uniambie huku chini kuna nini. Hadithia." Nikahadithia. Tulipanda jiwe kwa jiwe, mimi nasimulia habari za kisima na majitu, mtoto anauliza majitu yanakula nini. Hatukufika mwisho. Mteja alileta pikipiki inayovuja oili, hata kama ilikuwa Jumapili, na mkate ni mkate.

Riwaya nimeirudia tangu sura ya tatu. Lori nimelitoa. Mkubwa hafi; ana gereji, na ana hasira kwa sababu ambayo mdogo wake haijui mpaka sura ya kumi na moja. Dada yule wa kikundini ameniambia ile ya kwanza ilikuwa inaliza zaidi, na nadhani anasema kweli. Siku hizi kila sura inapita kwa braza kwanza. Anasoma taratibu, ukurasa mmoja kwa siku, anaacha alama za grisi pembeni, na kila kosa la mambo ya gereji ananitoza jero. Mpaka napeleka makala haya ananidai elfu nne na mia tano.